Mwaka Tuliobishania Amri ya Kuanza

Habari za kufa kwa Issa zilinifikia zikiwa zimeshapoa. Alikuwa ameshazikwa kwao Kitangari, watu wa msiba wameshatawanyika, ndipo mtu mmoja wa mradi wetu wa zamani akanipigia simu kuniuliza kama nitakwenda kwenye arobaini. Nikamuuliza, arobaini ya nani? Akaanza kukohoa. Wanaopiga simu za msiba wangejifunza kuanza na jina la marehemu, wangetupunguzia mengi. Nilikuwa uani kwangu Lisekese, huku Masasi, nachambua mbaazi, nikaendelea kuchambua mpaka zikaisha, ila nzima na mbovu nilizitia chungu kimoja. Mimi ni mtu mzima sasa. Nina wajukuu wanaonicheka ninapotafuta miwani niliyoivaa, na mume niliyemzika alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Hata hivyo jioni ile nililia kama msichana, nikasingizia moshi. Issa ndiye niliyetaka anioe, naye alitaka kunioa, na haikuwa. Mwaka ule wa Newala sijawahi kuusimulia nyumbani kwangu. Hauna aibu yoyote, lakini kila nilipotaka kuusimulia nilijikuta nalazimika kueleza kompyuta, na watu husinzia. Leo nitaeleza tu. Anayesinzia na asinzie.

Soko huria lilikuwa limeshaupanda mlima mpaka Newala. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na malori yao na mizani yao, kila mmoja akiapa kwamba mizani ya mwenzake ni ya wizi. Barabara ya sokoni ilijaa mitumba, betri za redio, sabuni za manukato na majaketi mazito ambayo sisi tuliyagombania, maana Newala ina baridi na upepo usio na adabu. Mambo mengi yaliyokuwa ya serikali yalianza kutafutiwa wenyewe wengine, na maji yakaangukia mikononi mwa mradi wa wafadhili. Mradi ulipanga nyumba ya zamani ya mfanyabiashara, yenye baraza la saruji na tangi la kukingia maji ya mvua. Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo na bado kikinuka ufuta, kiliwekewa kompyuta tano zilizokwisha kuchoka huko zilikotoka. Mimi na Issa tuliajiriwa kuzipa uhai. Tulikuwa tumetoka masomoni, kila mmoja kwa njia yake, na wote wawili tulidhani tunajua. Issa alikuwa mtoto wa Kitangari kwa upande wa mama, lakini mama alifariki mapema, akalelewa na baba yake Tanga. Alizungumza Kiswahili cha pwani kilichonyooka kama rula, na Kimakonde chake kilikuwa cha kuombea maji. Wazee walipomsemesha alijibu "eee" kwa kila kitu, hata alipoulizwa jina.

Kazi yetu ilikuwa maji. Kule juu kwenye uwanda hakuna mito. Maji yako chini bondeni na watu wako juu. Mradi ulitaka kuyapandisha kwa pampu, kisha kuyagawa kwa mabomba kijiji hadi kijiji. Injinia Komba, bosi wetu, mtu mnene mwenye huruma na makelele, alitaka kujua kabla ya kuchimba hata shimo moja: bomba liwe na upana gani, tangi likae wapi, na kijiji kimoja kikifungua mabomba yake yote asubuhi, kipi kitakosa? Hesabu hiyo ukiiachia kompyuta moja ilikula kutwa nzima, na umeme wetu ulikuwa wa jenereta, na dizeli ilikuwa ya kubembeleza. Issa ndiye aliyesema tuziunganishe mashine zote kwa waya na kuzigawia: kila moja ichukue tawi lake la mabomba, zikokotoe kwa wakati mmoja, majibu yakutane mwishoni. Injinia akasema fanyeni, lakini mnitengenezee kitu ambacho hata mimi naweza kukitumia. Basi tukaanza kutunga kile ambacho wenye fani hukiita maktaba, ingawa haina kitabu hata kimoja. Ni mkusanyo wa amri zilizokwisha tungwa, ili mtu mwingine aziite tu bila kujua ndani mna nini. Amri zetu tulizipa majina ya Kiswahili. Na hapo, katika jambo dogo kuliko yote, yaani amri ya kuianzisha kazi, tukakwama kwa miezi.

Asiyejua hudhani kuanza ni kuanza. Mimi nilitaka amri mbili. Ya kwanza, Tayarisha: unaieleza kazi, ni tawi gani na mashine gani, lakini haigusi kitu, inakaa. Ya pili, Anza: sasa nenda. Niliona hiyo ndiyo adabu ya kazi. Unapanga vyungu vyote kwanza, unaangalia kama maji yanatosha, ndipo unawasha moto. Issa alitaka amri moja tu, Anzisha: ukishaitaja kazi, papo hapo imeondoka. Tulibishana ofisini, tukabishana barazani, tukauhamishia ubishi kwa Mama Zuhura, mjane aliyekuwa akipika chakula cha mchana nyumba ya pili kutoka kwetu, katika chumba chenye meza moja ndefu, kalenda ya mwaka uliopita na ndoo ya maji iliyofunikwa sinia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye.

"Mtu aliyeandika Tayarisha anataka nini?" Issa aliniuliza huku akimenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. "Anataka kazi ifanyike. Ya nini kumlazimisha aseme mara mbili?"

"Kwa sababu huenda bado anapanga."

"Apange kichwani mwake. Akishasema, amesema."

"Na akikosea?"

"Akikosea ataona mapema. Lakini akisahau kusema mara ya pili, Hilda, haoni kitu. Yeye anaisubiri kazi, na kazi inamsubiri yeye. Hakuna kosa linalotokea. Kimya tu."

"Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mama Zuhura aliweka bakuli la kisamvu mezani kwa kishindo. "Nyie watoto kila siku mnagombania nini?"

"Kuanza, mama," Issa alimjibu.

"Anzeni basi, kinapoa."

Aliyeumaliza ubishi ule ni Injinia Komba, bila kujua. Tulimpa maktaba ikiwa na amri zangu mbili, maana wakati huo nilikuwa nimeshinda kwa kelele. Akatunga programu yake mwenyewe, kwa fahari kubwa, siku ambayo wazee wa kamati za maji walikuja kuiona mitambo. Akazitayarisha kazi zote, kisha akaandika Ngoja, yaani mashine isubiri majibu. Alisahau Anza. Jenereta ilinguruma asubuhi nzima. Wazee walikaa kwenye mabenchi wakikitazama kioo cheusi chenye alama moja inayopepesa. "Inafikiri," Injinia aliwaambia. Baadaye kidogo, "Bado inafikiri. Hesabu ya maji si mchezo." Mzee mmoja alianza kukoroma. Dizeli ikaisha, mashine zikazimika, na hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba kuna kosa, kwa sababu kwa upande wa mashine hapakuwa na kosa: iliambiwa ingoje, ikangoja. Issa aliisoma ile programu, akaniangalia, wala hakucheka. Angecheka ningemkasirikia, ningepata nafuu.

Tukageuza. Anzisha ikawa amri ya mlango wa mbele. Tayarisha hatukuifuta, tuliipeleka nyuma kwa wale wachache wenye sababu, na katika maelezo yake tukaandika onyo. Nilikuwa pia nimeijaza amri yangu ya kuanza maswali mengi: kazi iende mashine gani, iwe ya haraka au ya taratibu, kazi iliyozaliwa ndani ya kazi nyingine isubiriwe na mzazi wake au ijitegemee. Injinia alilalamika kwamba inamhoji kama polisi. Kwa hiyo katika Anzisha tulimjibia sisi wenyewe, tukichagua jibu ambalo wengi wangelitaka. Mwenye haja ya pekee angepita mlango wa nyuma ajijibie. Juu ya mzazi na mtoto tulivutana sana. Mimi nilitaka mzazi angoje daima, kwa sababu wanawake wa huku wakienda kuteka maji pamoja, hakuna anayepandisha mlima kabla ya wa mwisho kujaza ndoo yake. Issa akasema si kila kazi inakwenda kisimani, na mmoja akikwama chini, wote watalala huko. Tuliamua kazi mtoto ijitegemee, ila anayetaka aweze kuifunga na mzazi wake. Nimefundisha watu kompyuta tangu siku hizo, na bado naona tulifanya sawa. Bado pia naona moyoni kwamba nilikuwa na haki.

Jambo la mwisho lilikuwa la Issa peke yake. Alitaka kila kazi ikishaanzishwa, aliyeianzisha apewe kitu cha kushika, mfano wa risiti, ili kwa hicho aweze kutoa amri nyingine, Uliza, na kujua kazi imefika wapi: bado, imekwisha, au imeshindikana. Nilihofia watu watauliza kila dakika na kuzichosha mashine. Akanisomea maelezo aliyokuwa ameshayaandika: "Kuuliza hakuiharakishi kazi wala hakuisumbui. Uliza bila woga." Aliyeyatunga maneno hayo hakuwahi kuuliza, na mimi sikuuliza.

Mapenzi yetu hayakuwa na maneno mengi. Alikuwa akiniachia jaketi lake kwenye kiti changu kwa sababu upepo ulipita chini ya mlango ukanipata miguuni. Kwa Mama Zuhura aliimenya ming'oko, ile minono akaisukuma upande wangu wa sinia, huku anaendelea kunibishia. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Asubuhi moja tulisimama barazani, ukungu umeshuka hadi soko halionekani, linasikika tu, wachuuzi wakigombania nafasi ndani ya weupe ule. Akaniambia bila kunitazama, "Hilda, nimemwambia mjomba."

"Umemwambia nini?"

"Unajua." Akakwaruza saruji kwa kiatu. "Nilikwenda Kitangari Jumapili. Nimemtajia jina lako na kwenu. Atakuja Lisekese kuzungumza na wazee."

"Yeye kasemaje?"

"Kasema amesikia."

Nilicheka tu, kicheko cha kijinga ambacho mpaka leo nikikikumbuka napata joto usoni. Kwao, kama kwetu, mjomba ndiye anayekwenda. Kijana hajipelekei posa, na msichana haulizi posa yake imefika wapi. Nilimnong'oneza Mama Zuhura, akapiga kigelegele ndani ya kanga, akanipa kipande cha kuku ambacho hakuwa amekipangia mtu. Tangu hapo kila mwisho wa juma nilishuka nyumbani. Nilifagia uwanja mpaka udongo ukalainika. Nilitoa viti viwili nje, nikavirudisha ndani jioni. Mama yangu aliviona vile viti akatia maji kwenye chungu zaidi ya yaliyohitajika, kama anayetarajia wageni. Kila mzee mwenye kanzu aliyetokea njia ya kwetu, moyo ulinipasuka, naye akapita akaenda zake.

Wiki ziliondoka. Issa alipunguza maneno. Sikujua anasubiri nini, nilidhani ana aibu kwa sababu ya wazee wake. Siku moja nilifika mapema kwa Mama Zuhura, nikasimama uani na sahani yangu, nikawasikia wanawake wawili waliokuja kumsaidia kuchambua mchele.

"Yule wa Masasi, mtoto wa kanisani, ndiye anayetakwa na kijana wetu wa Kitangari?"

"Ndiye. Lakini wazee wa kule watakubali wapi? Wale ni watu wa msikitini."

"Watakataa?"

"Hawatakataa. Watanyamaza. Kimya kingi kina mshindo."

Mimi ni Mwanglikana, Issa alikuwa Mwislamu. Nilikuwa nimeyafikiria hayo mwenyewe mara nyingi, lakini kuyasikia kwa mdomo wa mtu anayechambua mchele, kana kwamba anasema kesho ni Jumatano, kulinimaliza. Nikaona jibu nimelipata. Nilirudi ofisini bila kula. Issa alikuwa ameinama juu ya mashine, akageuka akanitazama kwa namna ya mtu anayengoja kuambiwa jambo, nami nikamtazama vilevile. Kisha akaniuliza kama nimehifadhi kazi ya jana. Nikasema nimehifadhi.

Mwaka ule haukuisha kabla kampuni moja binafsi ya Dar es Salaam haijamwita. Siku hizo kampuni za kompyuta ziliota huko kama uyoga, na mtu anayejua kuziunganisha mashine alikuwa lulu. Injinia Komba alifanya karamu ndogo, soda na korosho za kukaanga, akahutubia muda mrefu mno. Programu ilikuwa inafanya kazi vizuri. Mashine tano zilimaliza kabla ya chai hesabu iliyokuwa ikila kutwa, na wachimbaji walishaanza mitaro. Watu walipoondoka tulibaki wawili katika chumba kile cha harufu ya ufuta. Akavua jaketi lake akalining'iniza kwenye kiti changu kama kawaida.

"Dar kuna joto," akasema. "Litakufaa wewe."

"Asante."

"Wasalimie nyumbani."

"Zitafika. Wasalimie Kitangari."

Akaitikia kwa kichwa. Alisimama mlangoni muda ambao haukuwa wa lazima. Ningesema neno moja tu wakati ule, neno lolote, hata la kugombana. Sikusema. Nilikuwa na heshima zangu na hasira zangu, na nilikuwa na umri ambao mtu huona afadhali aumie kuliko aonekane anaomba.

Sina haja ya kueleza yaliyofuata, maisha yalikwenda. Nilisikia ameoa Dar. Mimi niliolewa na mwalimu wa shule aliyenipenda, nikampenda. Jaketi liliwafaa wanangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka likawa dekio. Nilipokwenda Kitangari kwenye arobaini nilikwenda kwa nia ya kusikiliza hitima na kurudi, kama mtu yeyote aliyefanya kazi na marehemu. Uani palijaa masufuria, wanawake wa ukoo wakikoroga pilau na kuamrishana. Mjane alikuwa ndani, bado yumo edani. Nilimpa mkono wa pole, mama mpole mwenye macho yaliyovimba, na nilimwonea huruma ya kweli. Nilipojitaja jina, bibi mmoja aliyekaa karibu naye alinitazama mara mbili. Akanishika kiwiko akanitoa nje kwa mlango wa nyuma, akisema kuna mtu atakayetaka kunisalimia.

Mjomba wa Issa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta, blanketi magotini ijapokuwa jua lilikuwa kali, akigombana na redio ndogo iliyokataa kushika stesheni. Aliposikia jina langu aliizima.

"Hilda wa Lisekese."

"Ndiye mimi, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Ninyi watu wa Lisekese mna kiburi. Mtoto wetu mlimkatalia nini?"

Nilidhani uzee umemchanganya. "Hatukumkatalia, mjomba. Ninyi hamkuja."

"Nije vipi, sikutumwa?"

"Alisema alikwambia."

"Aliniambia. Kwani kuambiwa ndiko kutumwa?" Alikunja uso kana kwamba namfanyia mzaha. "Ukoo wetu, mpwa akija na habari za mke, mjomba anasema nimesikia, basi. Vijana wana joto, leo huyu kesho yule. Anaachwa. Akirudi akasema, mjomba, sasa nenda, hapo unakwenda. Mimi kanzu nilishaifua, ikatundikwa pale ndani. Hakurudi."

"Hakujua, mjomba."

"Asijue vipi? Kila mtu anajua. Mama yake angemwambia."

"Mama yake alishafariki. Alikulia Tanga."

Vidole vya mzee vilianza kuchezea ukingo wa blanketi. Ndani walikuwa wameanza kusoma, sauti za wanaume zikipanda pamoja na kushuka pamoja.

"Nilimuuliza," akasema. "Siku ya harusi yake, huko Dar es Salaam. Nikasema, vipi yule wa Lisekese? Akanijibu, walikataa. Nikasema moyoni, kumbe alituma mtu mwingine, mimi akaniruka. Nikanuna. Nimemnunia mpaka amekufa."

Sikuweza kumkasirikia. Nilijaribu, nikashindwa. Nikauegemea ukuta kwa bega. Maisha yangu yote nilikuwa na wa kumlaumu: wazee, dini, wale wanawake wa mchele, na Issa mwenyewe siku nilipokuwa na uchungu zaidi. Kumbe hakuna mtu aliyetukataa; mimi na Issa kila mmoja alikihesabu kimya cha upande wa pili kuwa ndilo jibu. Alikuwa ametutaka kila mtu ambaye alipaswa kututaka, na kule Lisekese mama yangu alikuwa ametia maji ya kutosha.

"Na ningekuja," mjomba akauliza, sauti ikikwaruza, "mngesemaje?"

"Tungekubali, mjomba."

Akajifunika uso kwa blanketi, mabega yakimcheza. Binti mmoja wa ukoo akapita na masinia ya pilau, akainama kwangu kwa adabu. "Shikamoo mama. Samahani, wewe ni nani wa marehemu? Ndugu wanakula ndani na mjane, wageni wanakula kule mbele."

"Nilifanya naye kazi," nikamwambia.

"Basi njoo huku mbele, mama," akasema, akanitafutia nafasi kwenye mkeka wa wageni.